Amina ya Betri Zilizochoka

Mugumu, jioni ya kuamkia safari yako

Rhobi, mama yangu,

Kati ya Sirari na Bunda hajazaliwa mwanamuziki wa kunifikia mimi baba yako, na huko mbele ya Bunda sijauliza tu kwa sababu sipendi kuaibisha watoto wa watu. Yule mzungu wa kale aliyetunga wimbo wetu, Mzee wa Wigi, angefufuka leo, angepanda pikipiki kutoka Musoma, wigi kalishika mkononi lisipeperushwe na upepo, akaja mpaka hapa kwenye karakana yangu ya mageti, akainama, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nami ningemwitikia marahaba bila kuzima mashine ya kuchomelea.

Najua hujacheka. Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kupitia ukuta. Uko chumba cha pili unafunga begi. Zipu inakwama, unasonya, unaivuta tena. Mtu mwingine akifunga begi huimba. Wewe huimbi. Tangu siku ile ya jubilei ya parokia hujaimba hata ukiosha vyombo, hata ukimbembeleza mtoto wa jirani, na kesho unakwenda chuo cha ualimu huko Tabora ukiamini kwamba mama yako alizaa mtoto mwenye sikio bovu. Barua hii ni kwa ajili ya sikio hilo. Nikizungukazunguka nivumilie. Mimi wimbo siwezi kuuanza bila mbwembwe.

Habari za chandarua, za kuficha pesa kwenye soksi na za wavulana wenye maneno matamu, shangazi yako Wegesa amekuhubiria wiki nzima mpaka kuku wetu wanazijua. Siongezi kitu.

Nilisoma seminari hadi kidato cha pili. Watu wakiniuliza kwa nini nilitoka, huwa nawaambia walimu waliishiwa vya kunifundisha. Wewe nakupa ukweli. Niliingia chumba cha kipaza sauti, nikaigiza sauti ya Baba Gombera, mkuu wa seminari, nikawatangazia wanafunzi wote kwamba usiku huo hakuna kujisomea, waende wakalale, na kesho yake likizo inaanza. Niliigiza vizuri mno, mama. Wengine walishafunga masanduku. Gombera mwenyewe alisimama uwanjani akisikia anatangaza jambo ambalo hajalitangaza. Nilirudishwa kijijini kwetu Nyanungu na sanduku langu, na ndani ya sanduku kulikuwa na kanda ambayo haikuwa yangu.

Kanda hiyo ilikuwa ya padri mmoja mzee, mzungu, aliyetufundisha Kilatini. Zamu ya kufagia chumba chake iliponiangukia, nilimkuta amelala chali kitandani na viatu vyake, macho kayafumba, redio kaseti imechomekwa ukutani. Nikadhani amekufa. Kumbe anasikiliza. Zilikuwa tarumbeta, zikaja zeze nyingi zinakimbia pamoja kama mvua ya bati, halafu watu wakafungua vinywa. Nilisimama na ufagio wangu. Nilikuwa nimezoea nyimbo ambazo sauti nne zinatembea pamoja kama watu wa familia moja wanaokwenda sokoni. Hawa walikuwa wanafukuzana. Sauti ya kwanza inatoka mbio, ya pili inaipita pembeni, besi wanawahi kona kuwazuia wote, na hakuna anayegongana na mwenzake.

Padri akafumbua jicho moja. "Aliyetunga haya ameshakufa miaka kama mia tatu sasa," akasema. "Alikuwa anavaa wigi."

"Kwa nini, Padri? Alikuwa na upara?"

"Enzi zile wote walivaa, wenye upara na wasio nao. Fagia."

Sikufagia. Nilingoja mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa neno moja tu, Amina, wanalivuta na kulirusha na kulidaka, kana kwamba wameambiwa wakilimaliza hawatapewa neno lingine maisha yao yote.

Basi. Siku ya kufukuzwa niliipitia chumbani kwake nikaibeba. Usinitazame hivyo, nilishaungama. Jina la wimbo lilikuwa limefutika kwenye karatasi ya kanda, na ndiyo maana mpaka wewe ulipokuja kunitajia, mimi niliujua kama Wimbo wa Mzee wa Wigi.

Nyanungu babu yako alinipokea kwa fimbo, kisha akanipa ng'ombe nichunge. Umeme haukuwapo. Kulikuwa na redio yake ya betri, na betri zilikuwa za taarifa ya habari, si za upuuzi. Nilipewa zile zilizokwisha. Nilizianika juu ya bati mchana kutwa, nikazing'ata kidogo ubavuni kama wanavyofanya wachungaji wote, zikafufuka kwa muda. Kurudisha kanda nyuma sikutumia redio, nilitumia kalamu ya wino, nazungusha kijigurudumu kwa mkono ili betri zisiliwe bure. Hivyo kila siku nilianza mwanzo wa kanda betri zikiwa na nguvu zao za jua, na nilifika mwisho zikiwa zinakata roho.

"Mura, kijana wangu," babu yako aliniambia siku moja, "ng'ombe hawajui Kilatini."

"Hawajui hata Kiswahili, tata, mbona unawasemesha?"

Kofi la siku hiyo nalisikia mpaka leo kwenye sauti ya tatu.

Niliandika wimbo wote kwa sol-fa, juu ya karatasi za mifuko ya saruji, d na r na m, sauti moja baada ya nyingine, bila mwalimu. Hapo najisifu kwa haki, hata adui atanikubalia. Nilipofika kwenye Amina, nikaona ajabu. Wale watu walianza kwenda polepole. Sauti zikawa nzito. Wakashuka wote pamoja, kidogokidogo, sol ikawa kama fa, fa ikawa kama mi, mpaka besi wakawa wanaunguruma kama ng'ombe mgonjwa, halafu kimya. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, kijana mzima na fimbo yangu. Nikasema mzee huyu ameona kitu. Watu wengine hutunga Amina ya kufunga mlango, yeye katunga Amina ya mtu anayezama akiwa bado anakubali.

Huko seminari ile Amina ilikwendaje? Nilijiambia nimesahau. Uliweke hilo moyoni, nitalirudia.

Redio iliitafuna kanda mvua za mwaka uliofuata, nami sikuisikia tena. Nilibaki na karatasi zangu za saruji. Nikashuka Mugumu kujifunza kuchomelea, nikampata Ghati mama yako kwenye kwaya, akaniimbia sauti ya kwanza usoni bila kupepesa, nikamuoa kabla ndevu zangu hazijakubali kuota. Ukazaliwa wewe, ukapewa jina la mama yangu mzazi. Ndiyo maana nilipotaka kukuchapa mkono ulikuwa mzito, maana nani amchape mama yake?

Walimu wa kwaya walipohamahama, wakanikabidhi mimi. Nikaleta Mzee wa Wigi. Sehemu za mwanzo tulizipunguza, hatukuwa na tarumbeta, nikamwambia Marwa wa besi ajifanye tarumbeta, akatema mate nota nzima. Lakini Amina tuliishika yote. Unakumbuka nilivyowapeleka bwawani Manchira wakajifunze kuzama? Nikatupa jiwe majini. "Mmeliona lilivyokwenda? Halikuanguka. Limezama. Nataka hivyo."

Marwa akanyoosha mkono. "Mwalimu, lakini jiwe halina haja ya kuvuta pumzi."

Walicheka mpaka mama yako akakaa chini. Ila walijifunza. Kushuka ni rahisi, kwaya zote hushuka bila kutaka. Kushuka watu zaidi ya ishirini kwa pamoja, kipande kwa kipande, bila kinanda, kama mtu mmoja, hilo nenda ukalitafute huko Tabora uone kama utalipata. Tukaanza kuitwa misibani. Mji mzima ukaijua. Watu walisema waziwazi, "Mimi nikifa nizamishwe na kwaya ya mwalimu Nyamhanga." Mzee mmoja pale sokoni alitaka azamishwe akiwa hai, asikie kwanza kama inafaa.

Halafu mama yako akaugua, na hospitali wakajitahidi, na haikusaidia.

Ulikuwa darasa la tano. Umeshika suruali yangu nikiwa naongoza, mkono wangu mmoja uko hewani, mwingine uko kichwani mwako. Vijana walikuwa na kamba, wanateremsha jeneza. Kwaya ikaanza kuzama, wakawa wanashuka sawasawa na kamba, sikuwaambia wafanye hivyo, walifanya wenyewe. Ukanivuta. "Tata, wanamshusha mama kwa sauti?"

Nikakuambia ndiyo, mama. Kwa sauti.

Naomba ukae na neno hilo kidogo kabla hujasoma yanayofuata. Si kwamba linanitetea. Nataka ujue tu lilikuwa wapi.

Ulipofika kidato cha tatu, Madamu wa Kemia, yule aliyehamishiwa kwenu kutoka Moshi, alikusikia ukiimba bwenini kipande cha Mzee wa Wigi. Akashangaa umekitoa wapi. Akautafuta kwenye simu yake, akaupata, na jina lake na wigi lake na kila kitu. Ulirudi likizo ukiwa umeazima simu ya rafiki yako, hukunisalimia hata. Ulinijia karakanani na sare za shule.

"Tata, zima mashine. Sikiliza."

"Shikamoo kwanza, binti."

"Shikamoo. Tata, sikiliza mwisho wake. Haizami! Inakwenda mbio. Tata, ile Amina inacheka!"

Nilisikia nusu ya kipande. Nikateremsha miwani yangu ya kuchomelea. Nikakuambia, "Hizo simu ndogo zinaharakisha kila kitu. Mzee huyu nimeishi naye kabla hujazaliwa." Nikawasha mashine.

Ulikaa pale kwenye chuma chakavu ukinisubiri nimalize geti. Kisha ukauliza taratibu, bila dharau, unajua kuuliza wewe: "Tata, kanda yako ulikuwa unaichezesha kwa betri?"

Nikasema, "Nenda kapike."

Ungefanyaje, mama, ungekuwa mimi? Kama Amina ile ni betri, basi nimemteremsha Ghati kaburini kwa betri zilizochoka. Nimewaliza watu wa Mugumu miaka yote hiyo kwa ubovu wa redio. Watu wengine wana mashamba, wana shahada. Mimi kitu nilichokuwa nacho duniani kilikuwa kile kipande cha kuzama, na mke aliyelala chini yake.

Ikaja jubilei. Kanisa limejaa mpaka nje, askofu mbele, mapadri wamepangana kama magunia ya mahindi. Wewe ulikuwa unaongoza sauti ya kwanza, mahali pa mama yako. Tulianza vizuri, Marwa alipiga tarumbeta bila mate. Tukafika kwenye Amina. Nikainua mkono, nikaanza kuushusha kama kawaida. Kwaya ikaanza kushuka.

Wewe hukushuka.

Sikuona jeuri usoni mwako. Ulikuwa umefumba macho. Ulibaki pale juu, safi, ukaanza kwenda mbele yao, na wasichana watatu wa upande wako wakakufuata, wakaona njia, wakakimbia nawe. Wengine walikuwa wanaangalia mkono wangu, wakazama. Kwaya ikapasuka katikati. Nusu inapanda, nusu inazama, mtoto mmoja kwenye benchi za mbele akacheka kwa sauti, mama yake akamziba mdomo. Tulikoma bila kumaliza. Askofu akatazama karatasi zake kwa heshima.

Pale uani baada ya misa, watu wamesimama na sahani za pilau, kwaya yote ipo, Madamu wako yupo, nilikushika kola ya joho. Nilisema kwa sauti ile ya kipaza sauti cha seminari. Nilisema: "Msimlaumu mtoto. Hasikii. Ana sikio bovu, kalitoa upande wa mama yake."

Marwa aliweka sahani chini. "Mwalimu, usiseme hivyo."

Wewe ulivua joho, ukalikunja kwa mikunjo yake ya kabatini, ukanikabidhi. Na ukaamini. Hilo ndilo sikulitegemea. Nilidhani utanibishia, wewe unayebisha hata bei ya chumvi. Nilidhani utarudi nyumbani unigombeze kwa Kikurya mpaka majirani watoke. Lakini ulikuwa unaniamini mno katika mambo ya sauti. Baba akisema sikio ni bovu, basi ni bovu, na simu ya Madamu lazima uliisikia vibaya. Wale watoto wa mtaani wakakuita Sikio, nami niliwasikia wakikuita, nikaendelea kupima chuma.

Kwaya haikuzama tena. Watu walikuwa wameshasikia mlango umefunguka, hawakuweza kujifanya ni ukuta. Kila tukianza kushuka mmoja alicheka, mwingine alipanda kwa bahati mbaya. Marwa akahamia kwaya yenye magitaa. Wengine wakaolewa, wengine wakachoka. Majoho yamo kwenye kabati la sakristia, panya wanayajua zaidi yangu. Misibani sasa wanaweka spika. Mwalimu mkubwa kati ya Sirari na Bunda anachomelea mageti, na akiulizwa macho mekundu ni ya nini, mashine ipo pale ya kusingizia.

Wiki iliyopita nilifunga karakana mapema nikautafuta wimbo kwenye simu yangu. Nilisikiliza tarumbeta. Nilisikiliza wanavyofukuzana. Nilipofika kwenye Amina nikazima. Nimejaribu tena juzi, nikazima palepale. Nimepoteza zote mbili, mama. Ile ya kuzama siwezi kuiamini, na ile ya kucheka sina uso wa kuisikiliza. Zamani nilidhani mtu akikosea nota anarudi mwanzo wa mstari, anaimba tena. Ukubwani nimeona kuna mistari hairudiwi, watu wameshatoka kanisani.

Sikuandikii ili uimbe. Ukiimba sawa, usipoimba nitakuwa nimestahili. Sitarajii pia uniambie umenisamehe kesho asubuhi, mbele ya shangazi yako na mizigo. Wewe nipe mkono tu, uende. Nyumba hii ilikuwa na sauti ya kwanza mbili, na kuanzia kesho haitakuwa na hata moja.

Zipu yako imefunga. Umezima taa. Kwa hiyo niseme, maana nimekwisha kuzunguka.

Nilikuambia kwamba nilijiambia nimesahau ile Amina ilivyokwenda siku ya ufagio. Siku ya jubilei, ulipobaki juu umefumba macho, nilikiona chumba cha padri. Niliona waya wa redio umechomekwa ukutani, viatu vyake kitandani, vumbi ambalo sijalifagia. Ilikuwa hiyo hiyo, mama, mwendo huo huo, kicheko hicho hicho. Niliitambua mkono wangu ukiwa bado hewani. Sikuijua baadaye kwa kufikiri. Niliijua palepale, na nilitoka na ujuzi huo mpaka uani, nikapita nao katikati ya watu na sahani zao, nikafika mbele yako, nikasema nilichosema.

Kuiba kanda haikuwa kitu. Betri hazikuwa kosa langu, hata mama yako angezicheka. Kilichoharibika ni kimoja. Sikio lako ni zima, nilijua ni zima, na nikaliita bovu mbele za watu kwa sababu lilisikia vizuri kuliko langu.

Tata